Lisemwalo Lipo: Ukatili wa Watu Wema katika Hadithi Fupi za Mji Mdogo

Mwaka 1883 mwandishi wa Kifaransa Guy de Maupassant alichapisha hadithi fupi kuhusu mzee mmoja na kipande cha kamba. Mzee huyo, Hauchecorne, ni mkulima bahili wa Normandie anayekwenda gulioni katika mji mdogo wa Goderville. Njiani anaona kipande cha kamba kimeanguka chini, na kwa kuwa hapendi kitu chochote kipotee bure, anainama kwa taabu, maana viungo vinamuuma, anakiokota. Anapoinua macho anamwona Malandain, mshonaji wa hatamu za farasi ambaye waliwahi kugombana, amesimama mlangoni kwake akimtazama. Mzee anaona haya kukutwa na hasimu wake akiokota uchafu barabarani. Anaificha kamba ndani ya nguo, kisha anajifanya anatafuta kitu kingine. Mchana, watu wakiwa wanakula, mpiga mbiu anapita na ngoma kutangaza kwamba kuna pochi ya ngozi nyeusi iliyopotea, ikiwa na faranga 500 na karatasi za biashara. Haupiti muda, mzee anaitwa kwa meya, kwani Malandain amekwenda kusema kwamba alimwona akiokota.

Hauchecorne anapekuliwa na hapatikani na kitu. Siku ya pili pochi inarudishwa. Iliokotwa na kijana wa shamba asiyejua kusoma, ambaye aliipeleka kwa bwana wake. Kisheria shauri limekwisha. Kwa mji ndiyo kwanza linaanza, kwa sababu watu wameshaamua kwamba aliyeirudisha ni mshirika wake tu. Kila mzee anapojitetea anaonekana mjanja zaidi, na watani wanamwomba aisimulie tena habari ya kamba ili wapate kucheka. Mwisho wa Disemba anaanguka kitandani, na mwanzoni mwa Januari anakufa akiweweseka kuhusu kamba yake ndogo.

Niliwahi kuisimulia hadithi hii Wete, kisiwani Pemba, msimu wa karafuu, jioni moja watu walipokuwa wamekaa jamvini wakichambua, karafuu huku na makonyo, yaani vikonyo vyake, kule. Niliisimulia kwa Kiswahili cha kawaida, bila ya kutaja Ufaransa, na nikahakikisha kwamba kila aliyekuwepo amesikia kutoka kinywani mwangu kwamba mzee hakuiokota pochi. Nilipomaliza palikuwa na kimya kidogo, kisha mzee mmoja, mtu mpole sana ambaye sijapata kumsikia akimtukana mtu, akasema bila ya kuinua kichwa: "Lakini yakhe, lisemwalo lipo, kama halipo, laja." Wenzake wakaafiki. Bibi mmoja akaongeza kwamba na hiyo kamba nayo, kama kweli ni kamba, alikuwa anaificha ya nini?

Hauchecorne alihukumiwa mara ya pili pale pale, kwa ushahidi ule ule, na watu ambao wangelia kama wangeambiwa kwamba wamemwonea. Tangu jioni ile nimekuwa nikiamini kwamba hadithi fupi za mji mdogo, zile nzuri, hazina habari na watu wabaya. Zinashughulika na ukatili unaofanywa na watu wema kwa lugha yao ya heshima, kwa methali zao na kwa pole zao, na kwamba ukatili wa namna hiyo hauwezi kuonyeshwa kwa kutajwa. Ukishautaja kwa jina lake, kila mtu anatoka nje ya hadithi akiwa salama, kwa sababu hakuna anayejiita katili.

Tuitazame ile methali kidogo, maana imebeba mengi. "Lipo" inaufunga utetezi, kwa kuwa kusemwa kwenyewe kumekuwa ni ushahidi. "Laja" inaufunga wakati: kama hujalitenda leo, utalitenda, na tunakuhukumu kwa la kesho. Hakuna wakili anayeweza kusimama mbele ya kauli kama hiyo. Mtu anayeitamka wala haoni kwamba ametoa hukumu. Anajiona amesema maneno ya wazee. Maupassant anakwenda mbali zaidi, na hapa ndipo ninapomvulia kofia. Anatuambia kwamba mzee alifadhaika zaidi kwa kuwa alijijua: kwa ujanja wake wa Kinormandi angeweza kabisa kufanya jambo lile analosingiziwa, na hata kujigamba nalo. Mji umekosea kuhusu kitendo lakini haujakosea sana kuhusu mtu. Mwandishi dhaifu angemfanya Hauchecorne malaika ili tumwonee huruma kwa urahisi. Huyu amemwacha na ubahili wake, na amemwacha msomaji na aibu ya kugundua kwamba naye aliwahi kumshuku.

Wahakiki wetu hutumia maneno kinaya, kejeli, fumbo na kijembe kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Watu wa visiwani tuna sababu ya kuyatenganisha, kwa kuwa tumeyaishi. Kijembe kina anwani. Mwanamke anayenunua kanga kwa ajili ya jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu ya kanga hiyo, akaivaa siku ya shughuli na kupita nayo mbele ya nyumba fulani, anataka mwenye nyumba hiyo asome na ajue kwamba ni yeye. Asipojua, pesa ya kanga imepotea. Fumbo nalo lina mlengwa, hata kama mfumbaji atakana mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, kwamba hakumkusudia mtu. Kinaya cha hadithi kinakwenda kinyume. Anayesema hajui kwamba amekata, anayekatwa pengine anashukuru, na anayeisikia sauti ya kisu ni msomaji peke yake, ambaye hana wa kumwambia.

Mfano wa wazi wa kejeli yenye anwani ni ule uliompata Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, akaja mjini akiuza vyungu, akawa mwimbaji ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sauti yake katika santuri. Mji ulioshangilia uimbaji wake ulimtungia pia wimbo wa kumuuliza amekuwa mtu tangu lini, aliyetoka shamba na kaniki zake, na kama si sauti angekula nini. Siti alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa nasaba si hoja, na hasara ya mtu ni kukosa akili. Ni pambano la haki kwa namna fulani, kwa sababu aliyerushiwa jiwe aliliona likija na alikuwa na jiwe la kurudisha. Hadithi fupi ninayoizungumzia huanza pale ambapo hakuna jiwe linaloonekana. Lau Siti asingeimbiwa chochote, akawa anaamkiwa kwa heshima kila asubuhi na hakuna hata nyumba moja inayomwalika arusini kama mgeni, ila kama mwimbaji, hapo angekuwa na la kujibu gani?

Lugha yenyewe inampa mwandishi wa Kiswahili vifaa ambavyo Mfaransa yule angevitamani. Tuna "inasemekana", neno ambalo lina usemi bila ya msemaji. Tuna "wanasema", ambapo wale "wa" hawajapata kukutwa nyumbani. Tuna, zaidi ya yote, "yamemkuta". Mtu akiachishwa kazi kwa fitina, binti akiachwa kwa maneno ya mawifi, mzee akinyang'anywa mikarafuu na ndugu zake mwenyewe, mtaa mzima utasema masikini, yamemkuta. Yepi? Ya nani? Kiambishi "ya" kimesimama pale kama mtu aliyejitanda ushungi hadi machoni: tunajua kuna mtu ndani, lakini adabu haituruhusu kuuliza. Mwandishi akiisikia vizuri sauti hii, akaiacha isimulie hadithi yote kwa upole wake, bila ya kuikatiza ili aseme ni nani hasa aliyeyatenda hayo, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko kurasa kumi za kulaani fitina.

Kuna na "kumbe". Neno hili dogo ndilo mlango wa hadithi zetu nyingi. Kumbe alikuwa ndugu yake, kumbe barua ilikuwa ya uwongo, kumbe aliyeiba ni yule mwenye kulia zaidi. Silidharau. Ila "kumbe" ni neno la mtu aliyefumbuliwa macho, na katika mji mdogo ukatili hudumu kwa kuwa hakuna anayefumbuliwa. Pale Goderville pochi imerudishwa mbele ya watu wote na hakuna hata mmoja aliyesema kumbe. Ukitaka kupima ukatili wa hadithi, tafuta mahali ambapo neno hilo lilistahili kutamkwa likakosa wa kulitamka.

Hadithi iliyolichukua jambo hili hadi ukingoni ni ile ya mwandishi wa Kimarekani Shirley Jackson, "The Lottery" (Bahati Nasibu), iliyotoka katika jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948. Wanakijiji wapatao 300 wanakusanyika uwanjani asubuhi ya jua zuri kwa ajili ya bahati nasibu ya kila mwaka, ambayo kwa uchache wao itamalizika mapema na kila mtu awahi nyumbani chakula cha mchana. Watoto wanachezea mawe. Wanaume wanazungumza habari za mvua na kodi. Bi Tessie Hutchinson anachelewa kwa sababu alikuwa anaosha vyombo, watu wanamtania, naye anacheka na jirani yake, Bi Delacroix. Ni kurasa za mwisho tu zinazotujulisha kwamba anayeshinda bahati nasibu hii hupigwa mawe mpaka afe, na kwamba mshindi wa mwaka huu ni Tessie. Wengi hukumbuka mawe. Mimi hukumbuka kwamba Bi Delacroix, yule yule aliyekuwa akicheka naye, anachagua jiwe kubwa mno kiasi cha kulibeba kwa mikono miwili, huku akimhimiza mwenzake afanye haraka. Na kwamba mtu fulani anampa mtoto mdogo wa Tessie vijiwe vichache ili naye asikose.

Hicho kitendo cha kumpa mtoto vijiwe, kwa namna kilivyoandikwa, hakina tofauti na mtu mzima anayempa mtoto tende mbili tatu ili asijisikie ametengwa. Jackson hakubadilisha sauti. Sauti iliyotuambia kwamba nyasi ni za kijani ndiyo inayotuambia kuhusu vijiwe, na ni huo usawa wa sauti uliowaudhi wasomaji wake. Katika majira yale ya joto alipokea barua zaidi ya 300, na yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba miongoni mwa mambo waliyotaka kuyajua watu ni wapi bahati nasibu hizo zinafanyika na kama wanaweza kwenda kutazama. Sijui mfano mwingine wa wasomaji waliosimama kwa hiari yao kwenye mstari wa wahusika.

Najua litakalosemwa, kwa kuwa nimeshaambiwa: kwamba fasihi ya namna hii inawavua nguo watu wa shamba, na kwamba mji mdogo ndio mahali ambapo ukiugua unaamka ukiwakuta watu ishirini ukumbini. Ni kweli tupu. Aliyefiwa Pemba haachwi peke yake. Jiko linaondolewa mikononi mwake, kaburi linachimbwa na watu ambao hakuwaita, na hitima inasomwa hata kwa yule ambaye hakuwa na jina. Lakini hilo ndilo linalonifanya nisikubali kwamba wema na ukatili wa mji mdogo ni vitu viwili vinavyoweza kupangwa katika rafu mbili. Wanaokuja kukupa pole wanajua mlango wa uani uko wapi, chungu chako kina nini, na mumeo hajaleta pesa tangu lini. Ujirani unaomfanya mtu asife njaa ndio unaomfanya asipate mahali pa kuficha kamba. Bi Delacroix hakuwa na urafiki wa uwongo na Tessie. Urafiki ulikuwa wa kweli, na jiwe likawa la kweli pia.

Hoja ya kuvuana nguo ina upande mmoja ninaoukubali. Kinaya kikishikwa na mtu ambaye hajihesabu miongoni mwa anaowaandika, hugeuka dhihaka ya mjini dhidi ya shamba, na sisi Wapemba tunaijua dhihaka hiyo vizuri. Tumeshachoka na vichekesho ambavyo mzaha wake wote ni lafudhi yetu, kana kwamba kusema kwa mkato wetu ni upumbavu tosha wa kumchekesha mtu wa Dar es Salaam. Maupassant mwenyewe hakuokoka sawasawa. Namna anavyowachora wakulima wakienda gulioni, mwendo wao mzito na miili yao iliyopindwa na kazi, kuna mahali inanukia dharau ya bwana anayepita na gari. Kinachomwokoa ni kwamba hatimaye anaacha kuwatazama wakulima na anaanza kuutazama mji, na mji una meya wake, askari wake na wenye duka wake. Kwa mwandishi wa kwetu kipimo changu ni rahisi: katika hilo baraza unalolisimulia, wewe ulikuwa umekaa wapi, na uliposikia yanasemwa ulisema nini? Kama jibu ni kwamba hukuwepo, bora uandike ripoti.

Tatizo letu kubwa zaidi, hata hivyo, liko mwishoni mwa hadithi. Tumelelewa na ngano, na ngano haikubali kulala na deni. Aliyetenda analipwa, kisha msimulizi anatukabidhi funzo mkononi kama chenji ya dukani. Skuli zimeiimarisha tabia hiyo kwa mtihani, maana mwanafunzi anayeulizwa mafunzo matano ya hadithi ni lazima apewe hadithi yenye mafunzo matano. Matokeo yake ni kwamba hadithi ya mji mdogo iliyoanza vizuri, yenye sauti za watu na harufu ya samaki wa kukaanga, inaishia kwa msengenyaji kupatwa na maradhi na aliyesengenywa kupata mume tajiri. Msomaji anafunga kitabu akiwa amepumzika. Anayemsengenya ni jirani wa nyumba ya tatu, naye bado hajapatwa na maradhi yoyote.

Ajabu ni kwamba ngano hiyo hiyo ya Unguja ilikuwa na kauli ya kufungia iliyokuwa na werevu zaidi. Msimulizi alikuwa akisema kwamba hadithi ikiwa njema, wema wake ni wetu sote, na ikiwa mbaya, ubaya ni wake yeye peke yake aliyeisimulia. Ni adabu nzuri ya mwenyeji. Hadithi ya kinaya inaipindua adabu hiyo bila ya kusema neno: ubaya ndio unaogawiwa sote, na mwandishi anajitoa kimya kimya kabla ya sahani kufika.

Nimezungumza kuhusu sahani kwa kuwa nina hadithi ambayo nimeshindwa kuimaliza kwa muda mrefu, na inahusu sahani. Iko katika mtaa mmoja wa Chake Chake, mwezi wa Ramadhani, wakati ambapo kabla ya magharibi watoto hupishana njiani wakipelekana futari za nyumba hadi nyumba. Desturi inajulikana: sahani ya mtu hairudi tupu. Inakaa siku mbili tatu, kisha inarudi na chochote kilichopikwa, hata kama ni vipande viwili vya muhogo wa nazi. Katika nyumba ya hadithi yangu kuna mama na binti yake aliyerudi kutoka kwa mume miezi michache nyuma. Hakuna aliyewanunia. Wanaamkiwa, wanaulizwa hali, wanaambiwa pole na yote heri. Futari ya mama inapokelewa kwa shukrani kila ilikopelekwa. Kilichobadilika ni kwamba mwaka huu sahani zake zinarudi usiku ule ule, baada ya tarawehe, zimeoshwa mpaka zinang'aa, zimepangusiwa maji, na hazina kitu.

Mama anazipokea, anasema ahsante, anazipanga kabatini. Hadithi yenyewe ni hiyo. Katika nakala ya kwanza nilimwekea mama hotuba, nikaifuta. Katika ya pili nilimleta jirani mmoja mwenye huruma, aliyerudisha sahani na tambi, na nikaona kwamba nimemleta kwa ajili yangu, ili nipate pa kukaa mtaani humo bila ya lawama, nikamtoa. Sasa imebaki mama, kabati, na mlio wa sahani safi zinazogusana, na kila nikiisoma natamani kuongeza sentensi moja ya kueleza.

Mwezi uliopita nilimpa dada yangu aisome. Aliisoma yote, akairudia sehemu ya kabati, akakunja karatasi vizuri na kunirudishia. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeona mwandishi amesahau jambo la msingi, huyo binti hasa alifanya nini mpaka akaachwa.